Kubadilishana Funguo Goat Pass

Kundi la marafiki wanane likitaka kukimbia kutoka bonde la Mto Deception hadi bonde la Mto Mingha, katika milima ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, swali la kwanza halihusu mapafu wala misuli. Magari yataachwa wapi? Njia inaanzia upande mmoja wa safu ya milima na kuishia upande wa pili, na anayefika mwisho akiwa amelowa mpaka kiunoni hana hamu ya kutembea tena kurudi alikotoka. Wenyeji wamelitatua jambo hili zamani. Wanne wanaanzia magharibi, wanne mashariki. Wanakutana juu, kwenye kibanda cha wapanda milima cha Goat Pass, wanabadilishana funguo, kisha kila kundi linashuka kulifuata gari la wenzao. Wakisahau kutoa funguo mifukoni, watu wanane watasimama kando ya magari mawili wasiyoweza kuyafungua, huku mlima mzima ukiwa katikati yao.

Safari hiyo ya kubadilishana funguo ni sehemu moja tu ya mazoezi ya siku nzima. Wanaoifanya hujiandaa kwa mashindano yanayounganisha bahari mbili: Coast to Coast, yanayofanyika kila Februari, kilele cha kiangazi cha huko. Aliyeyaanzisha ni Robin Judkins, ambaye tangu 1980 alikuwa ameandaa shindano jingine la milimani, Alpine Ironman, lililochanganya ski, mbio na kayaki. Mwaka 1983 aliwakusanya watu 79 kwenye ufuko wa Kumara, pwani ya Bahari ya Tasman, akawaambia wavuke kisiwa mpaka Bahari ya Pasifiki. Walipewa siku mbili. Miaka minne baadaye ikaongezwa mbio ya kumaliza yote kwa siku moja, na hiyo ndiyo inayowanyima watu usingizi mpaka leo.

Umbali wote ni kilomita 243. Washindani hukimbia kilomita mbili na kidogo kutoka ufukoni hadi zilipo baiskeli, huendesha kilomita 55 kuingia milimani, hukimbia zaidi ya kilomita 30 kupitia Goat Pass, huendesha tena kilomita 15, hupiga kasia karibu kilomita 70 katika Mto Waimakariri, kisha humalizia na kilomita 70 za baiskeli kuvuka tambarare za Canterbury hadi jijini Christchurch. Mwaka 1994 Keith Murray aliikamilisha njia hiyo kwa saa 10 na dakika 34. Mtu wa kawaida mwenye kazi, watoto na mkopo wa nyumba hufurahi akimaliza kabla giza halijaingia.

Michezo ya aina hii si triathloni. Triathloni, iliyozaliwa San Diego katikati ya miaka ya 1970, ina kuogelea, baiskeli na kukimbia, kwa kawaida juu ya lami na kwenye maji yenye walinzi. Watu wa New Zealand walitoa kuogelea wakaweka kayaki, wakaihamisha mbio kutoka barabarani na kuiingiza mtoni na kwenye mawe. Badiliko linaonekana dogo. Kumbe ndilo linalomfanya mwanamichezo ashindwe kufanya mazoezi peke yake: kwenye lami anayechoka hukaa kando akapiga simu, ilhali katika bonde la Deception simu haishiki na kando yenyewe ni mto.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia habari za mbio za milimani hufikiria haraka Iten au Kaptagat, hewa nyepesi na damu inayojifunza kubeba oksijeni. Huku sivyo. Goat Pass iko mita 1,070 tu juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi, Arusha pia. Barabara inayotoka Christchurch hupita kwanza Porters Pass, yenye mita 939, ambayo kwa kichekesho cha jiografia iko juu kidogo kuliko Arthur's Pass yenyewe, yenye mita 920, ingawa hii ya pili ndiyo inayovuka mgongo wa kisiwa. Ugumu wa milima hii hauko kwenye urefu. Uko kwenye maji.

Upepo wa kaskazini-magharibi huvuma kutoka Bahari ya Tasman ukiwa umebeba unyevu, hugonga milima, hupanda, hupoa, humwaga mvua upande wa magharibi, kisha huteremka mashariki ukiwa mkavu na wa moto. Kijiji cha Otira, upande wa magharibi, hupata takriban milimita 5,000 za mvua kwa mwaka. Bealey, ambako ni mwendo mfupi wa gari upande wa pili, hupata takriban 1,500. Kwa hiyo kundi linaweza kuondoka Christchurch saa kumi alfajiri chini ya nyota tele, kwa mwendo wa saa mbili, na kukuta Deception imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Waliozoea hawatazami anga ya mjini. Usiku wa kuamkia safari husoma utabiri wa milimani, kisha hutazama vipimo vya kina cha mito vinavyotangazwa na mamlaka ya mkoa, Environment Canterbury. Vikionyesha mto unapanda, mpango unabadilishwa hapo hapo, na asiyetaka kubadilisha mpango huachwa nje ya safari ijayo.

Asubuhi njema huanza saa kumi na mbili na nusu, kundi la magharibi likiingia mtoni. Neno ni hilo hasa, kuingia mtoni, kwa maana kwa saa za mwanzo njia na mto ni kitu kimoja. Mkimbiaji huvuka Deception huku na huku mara nyingi mno, hupanda majabali makubwa kama magari madogo, huruka kutoka jiwe hadi jiwe, na mara kwa mara hukosa. Maji yanatoka kwenye theluji na mvua ya juu. Hata Desemba vidole vya miguu hufa ganzi. Viatu vizito visivyopitisha maji havifai kitu hapa. Hujaa na kukaa vimejaa. Wenye uzoefu huvaa viatu vyepesi vinavyochuruzisha, na fulana ya sufu ya merino, kwa kuwa sufu ikilowa bado hutunza joto na pamba ikilowa huliiba.

Na hapa ndipo urafiki unapoacha kuwa mapambo. Katika karne ya 19 walowezi wa New Zealand walizama mitoni kwa wingi kiasi kwamba kufa maji kuliitwa kifo cha New Zealand. Mbinu inayofundishwa leo na Baraza la Usalama Milimani la nchi hiyo ni ya watu kushikana. Husimama mstari mmoja bega kwa bega, kila mmoja akipenyeza mkono nyuma ya mgongo wa mwenzake na kukamata mkanda wa begi lake. Mwenye nguvu zaidi hukaa upande maji yanakotoka, avunje kasi kwa ajili ya wengine. Mstari wote huelekezwa sambamba na mkondo, kisha huingia kwa hatua fupi, ukiteremka kidogo na maji badala ya kushindana nayo. Watu wanne walioshikana vizuri huvuka mahali ambapo mmoja angesombwa. Lakini mbinu hii haifanyi kazi kwa watu waliokutana jana. Inahitaji mtu anayeweza kusema, mbele ya wenzake wote, kwamba yeye anaogopa na havuki. Kundi zuri la mazoezi hupimwa kwa urahisi wa kuitamka sentensi hiyo kuliko kwa kasi ya mtu wake wa mbele.

Eliud Kipchoge na wenzake wa Kaptagat nao hukimbia kwa kundi, lakini kundi lao ni la mwendo: mmoja humvuta mwingine asilegee. Bondeni Deception mwenye kasi hana faida kubwa. Atafika kwenye kivuko kibaya na kusubiri wenzake, akitetemeka. Kwa hiyo kundi hujifunza kwenda kwa mwendo wa mtu wa nyuma, jambo linalowaudhi vijana katika saa ya kwanza na kuwapendeza sana katika saa ya tano.

Kwenye kibanda cha Goat Pass, makundi mawili yakikutana, kuna kelele. Watu huulizana hali ya maji upande wa pili, hula haraka, hubadilishana funguo, na mara nyingi humfukuza kea. Ndege huyu, kasuku wa milimani anayepatikana New Zealand pekee, ana akili za mtoto mtundu na mdomo uliopinda kama koleo. Anapenda mpira: viatu, vifuniko vya chupa, hata mpira unaozunguka vioo vya magari. Begi lililoachwa wazi kwa dakika mbili ni mwaliko.

Kula si jambo la hiari. Mwili huhifadhi wanga kwa namna ya glaikojeni, katika misuli na ini, takriban gramu 400 hadi 500 kwa jumla. Hazina hiyo haitoshi siku nzima. Ikiisha, miguu hugoma na kichwa huanza kufanya maamuzi ya kijinga, ambayo mtoni ni hatari kuliko miguu. Kwa hiyo anayefanya kazi ya saa nyingi hulenga gramu 60 mpaka 90 za wanga kila saa, hata kama hana njaa, na hufanya hivyo kwenye mazoezi ili tumbo nalo lizoee. Ndizi, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, mkate wenye asali, jeli za viwandani: kila mtu ana dini yake. Maji nayo yana mpaka. Anayekunywa kupita kiasi huweza kuishusha chumvi ya damu mpaka akachanganyikiwa, na dalili zake hufanana na za mtu aliyekosa maji, hivyo rafiki mwenye huruma humwongezea chupa nyingine na kumzidishia hatari.

Kushuka upande wa Mingha kunaonekana zawadi, ingawa deni lake hulipwa baadaye. Mtu akishuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, ikirefuka huku ikikaza, na kazi hiyo ndiyo inayochana nyuzi zake. Maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho yake na keshokutwa, kazini, wakati wa kushuka ngazi.

Kufikia saa sita mchana waliokwenda mashariki wamefika Klondyke Corner, mwisho wa mbio ya mlimani. Wale walioishia magharibi wanarudi kwa gari kupitia Otira na daraja lake refu lililofunguliwa 1999 juu ya mteremko usiotulia. Barabara hii ina historia yake: mwaka 1864 Arthur Dobson, mpima ardhi, alipita mahali panapoitwa sasa kwa jina lake, na miaka miwili baadaye magari ya farasi yalikuwa yakipeleka watu kwenye dhahabu ya pwani ya magharibi. Na muda mrefu kabla ya dhahabu, Wamaori walivuka milima hii kutafuta pounamu, jiwe la kijani la Mto Arahura. Masimulizi ya kabila la Ngāi Tahu humtaja mwanamke, Raureka, kuwa ndiye aliyewaonyesha watu wa mashariki kwamba njia ipo. Kuvuka kisiwa kwa miguu hakukubuniwa na wanamichezo.

Kilomita 15 za baiskeli hadi Daraja la Mt White huonekana hazina maana katika siku kama hii. Zina maana kubwa. Miguu iliyokimbia saa tano haijui kuzungusha pedali, na mwili hujifunza kubadili kazi kwa kuibadili tu. Wakati huo huo mtu anavaa nguo kavu, anakula kwa utulivu, na anajisikiliza. Maana darajani kuna uamuzi.

Chini ya daraja hilo Waimakariri huondoka barabarani. Mwanzoni hujitawanya katika vijito vingi vinavyosukana na kuachana juu ya changarawe, kisha huingia kwenye korongo, na kuanzia hapo hakuna barabara inayofika mtoni mpaka karibu na mwisho. Anayeingia ameingia. Atapiga kasia saa tano au sita, akiwa na mikono ambayo asubuhi nzima imekuwa ikishika mawe. Aliyelala vibaya, aliyegonga goti, aliye na baridi isiyotoka mifupani: wote hao husema hapa. Rafiki wa tisa, yule ambaye daima yupo, mwenye kifundo kilichovimba tangu wiki iliyopita, amekuja na trela la kayaki na chupa ya chai, na gari lake lina nafasi. Kwa mawazo ya mwandishi huyu, kipimo halisi cha siku nzima kiko kwenye dakika hizo kumi chini ya daraja. Watu wanaojua kuacha safari wakiwa bado na nguvu ndio wanaodumu katika michezo hii miaka ishirini.

Kayaki zenyewe ni nyembamba na ndefu, karibu mita sita, zenye usukani unaosukumwa kwa miguu. Kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyokwenda kasi na ndivyo inavyopinduka kwa urahisi, na hapo ndipo wageni wengi hupoteza pesa. Hununua chombo cha bingwa. Kwenye ziwa tulivu kinaruka. Kwenye mto, mwili ukiwa umechoka, nguvu zote huishia kwenye kutafuta mizani na hakuna inayobaki ya kusonga mbele. Chombo kipana kidogo humfikisha mtu mapema zaidi. Waandaaji wa Coast to Coast nao hawamruhusu mtu kupiga kasia peke yake bila cheti kinachothibitisha kwamba anaumudu mto wa daraja la pili, katika ngazi inayoanzia moja hadi sita.

Daraja la pili si mchezo wa watoto pale mto unapopinda na kujibamiza kwenye ukuta wa mwamba. Maji yote yanakimbilia mwambani, na kayaki inayapata yote ubavuni. Hisia ya kila mwanadamu ni kuuegemea upande wa nje, mbali na mwamba. Akifanya hivyo, mkondo hupanda juu ya ubavu ulioinama na kumpindua papo hapo. Anachotakiwa ni kuuegemea mwamba wenyewe, hata kuukumbatia ikibidi, ili maji yapite chini ya chombo. Hakuna kitabu kinachoweza kuufundisha mwili jambo hilo. Hufundishwa na rafiki aliyetangulia, anayesimama kwenye maji matulivu chini ya ukuta, akipiga kelele.

Mpangilio wa kundi mtoni ni tofauti na wa mlimani. Anayeusoma mto vizuri hutangulia, akichagua kijito chenye maji mengi, maana anayefuata kijito kidogo huishia kuburuta kayaki juu ya mawe. Wa mwisho hubeba kamba ya kurushia na sanduku la huduma ya kwanza. Wa katikati ni wanafunzi. Anayepinduka na kutoka hulala chali, miguu mbele, akielea mpaka maji yapungue. Akijaribu kusimama kwenye mkondo, mguu unaweza kubanwa kati ya mawe na mto ukamlaza kifudifudi. Wenzake humfukuzia kwanza yeye, kisha kayaki, kisha kasia. Kuna watu wanaolia zaidi kwa kasia.

Jina linalotajwa sana katika mapumziko ya korongoni ni la Steve Gurney, mhandisi aliyeshinda Coast to Coast mara tisa. Alishinda 1990 na 1991. Mwaka 1994, katika mashindano ya timu ya Raid Gauloises kisiwani Borneo, aliugua leptospirosisi, ugonjwa unaotokana na bakteria wanaoishi kwenye maji na matope yaliyochafuliwa na wanyama, na figo zake zikashindwa kufanya kazi. Aliponea chupuchupu. Kisha akarudi na kushinda mara saba mfululizo, kuanzia 1997 hadi 2003. Katika ushindi wa 1997 alitokea na baiskeli iliyofunikwa gamba la kuukata upepo. Wengine waliuita uhandisi, wengine ujanja wa kupita kiasi. Mjadala huo bado unaweza kuwachangamsha watu waliochoka kwa kilomita kadhaa.

Upepo ndio hasa adui wa sehemu ya mwisho. Anayeendesha baiskeli nyuma ya mwenzake, gurudumu karibu na gurudumu, huokoa hadi theluthi moja ya nguvu zake; peke yake, tambarare za Canterbury zinaweza kumkamua kabisa. Lakini katika siku ya mazoezi wengi hawafiki huko. Kayaki zinapotolewa majini kwenye daraja la Gorge Bridge, mwisho wa korongo, ni saa moja jioni. Jua la Desemba huko halizami mpaka baada ya saa tatu usiku, jambo ambalo mtu wa ikweta huchukua muda kulizoea, hivyo mwanga upo. Kilichokwisha ni watu. Wawili watatu wenye roho ngumu huondoka kwa baiskeli, wakipokezana mbele kila dakika chache. Waliobaki hupanda magari, na anayeshika usukani ni yule mwenye kifundo kilichovimba, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hajaanza kusinzia.

Kazi ya mwisho hufanywa uani kwa mmoja wao, na hakuna anayeipenda. Mwaka 2004 mwani vamizi wa maji baridi uitwao didymo uligunduliwa kusini mwa kisiwa, na tangu hapo mito mingi ya Kisiwa cha Kusini imepata blanketi hilo la rangi ya kahawia linalofunika mawe ya chini. Tone moja la maji kwenye soli ya kiatu linatosha kuusafirisha hadi mto mwingine. Kwa hiyo viatu, sketi za kayaki, jaketi za kuokolea maisha na kamba hukaguliwa, husuguliwa kwa maji yenye sabuni, kisha huanikwa mpaka vikauke kabisa na kuachwa angalau saa 48 kabla ya kuingia mto mwingine. Anayepanga kukimbia mahali pengine Jumapili asubuhi anahitaji jozi ya pili ya viatu, au rafiki wa kumwazima anayevaa saizi ileile.